Karanga au Maji ya Mboga? Naitengua Hukumu Yangu

Ijumaa moja alasiri, katika shule ya upili ya kutwa nilikokuwa nikifundisha huko Kitui, wanafunzi walinikalisha kitini niwe mwamuzi wa mdahalo wao. Hoja iliyokuwa mbele yetu ilikuwa hii: "Maji ya mboga yana manufaa zaidi mwilini kuliko karanga." Nilidhani ni hoja ya kupitishia wakati tu, tukingoja kengele ya kwenda nyumbani. Kumbe vijana walikuwa wamejiandaa. Watetezi wa hoja walizitaja vitamini moja baada ya nyingine kama watu wanaoita orodha ya darasa. Kiongozi wa wapinzani naye aliinuka akiwa na karanga kiganjani, akatafuna mbili tatu mbele ya hadhira, kisha akauliza ni nani aliyewahi kulima shamba kutwa nzima kwa nguvu za gilasi ya karoti. Ukumbi ukaangua kicheko.

Hata hivyo, nilipotoa hukumu niliwapa ushindi watetezi wa maji ya mboga. Walikuwa wamepanga maneno yao vyema kuliko wenzao. Isitoshe, nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini yale yanayosemwa mjini, kwamba ndani ya gilasi moja ya maji yaliyokamuliwa mbogani mna dawa ya kila ugonjwa. Leo naandika ili kuitengua hukumu ile, kwa sababu nimekwisha kuona madhara yake.

Majuma mawili baada ya mdahalo, binti mmoja wa kidato cha pili alianguka gwarideni asubuhi. Tulimpeleka kwenye zahanati. Muuguzi akamvuta kope ya chini, akamtazama viganja na kucha, akasema damu yake imepungua. Tulipomuuliza hula nini mchana, alijibu kwa haya kwamba siku hizi pesa anazopewa na mamake za chakula hununulia gilasi ya maji mekundu ya bitiruti kwa sababu yanaongeza damu. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Mwalimu, si ni wewe uliyetuambia maji ya mboga yameshinda?"

Muuguzi alinituliza kwa kunieleza kwamba majuma mawili hayawezi kummalizia mtu damu, na kwamba upungufu ule ulikuwa umeanza zamani. Hilo nalikubali. Lakini mtoto mwenye upungufu wa damu aliacha kula mbaazi na mahindi, akashiba rangi, naye alifanya hivyo akiamini kwamba mwalimu wake amempa ruhusa. Sisi walimu aghalabu hutoa hukumu kwa wepesi na kuzisahau kengele inapolia. Wanafunzi huenda nazo nyumbani.

Sasa na tuipitie kesi hii upya kwa utulivu, kwanza kwa hesabu.

Tuanze na karanga. Mtu akitwaa gramu 30 za karanga kavu, ambazo ni kiasi cha konzi moja, atapata kalori zipatazo 170, gramu 7 hadi 8 za protini, na gramu 14 hivi za mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni yale yasiyodhuru moyo. Atapata pia gramu 2 na nusu za nyuzinyuzi, na juu ya hayo vitamini E, niasini, foleti, magnesi na zinki. Binti wa miaka 14 hadi 18 huhitaji takriban gramu 46 za protini kwa siku, na mvulana wa umri huo gramu 52. Kwa hiyo konzi moja tu ya karanga humpa kijana kiasi cha sehemu moja ya sita au ya saba ya mahitaji yake. Hayo si madogo kwa chakula kinachotiwa mfukoni na kuliwa njiani.

Hata hivyo karanga ina upungufu wake. Vitamini C haimo. Vitamini A haimo. Mtu akila konzi moja au akila gunia zima, kwa upande wa vitamini hizo mbili atabaki pale pale alipoanzia.

Tugeukie upande wa pili. Gilasi ya gramu 250 ya maji ya karoti ina kalori zipatazo 100, protini gramu 2 na ushei, mafuta yasiyofika hata nusu gramu, na nyuzinyuzi gramu 2. Lakini ina utajiri wa kile mwili unachokigeuza kuwa vitamini A, kiasi cha mikrogramu 2,300 na zaidi, ilhali mtu mzima huhitaji kati ya 700 na 900 kwa siku. Ina pia potasiamu nyingi na vitamini C kidogo. Maji ya nyanya yana kalori chache zaidi, kama 40 hivi kwa gilasi, protini kiasi cha gramu 2, na vitamini C kuliko ya karoti.

Hapo ndipo yule mpinzani aliyetafuna karanga alipokuwa na haki. Binti anayehitaji gramu 46 za protini, akitaka kuzipata zote kutoka kwa maji ya karoti, angelazimika kunywa gilasi kama 19 kwa siku moja. Sidhani kuna tumbo la mwanafunzi linaloweza kazi hiyo, wala mzazi wa kuigharimia. Lakini watetezi wa maji ya mboga nao walikuwa na haki waliposema kwamba karanga peke yake haiwezi kumkinga mtoto na maradhi ya macho yatokanayo na ukosefu wa vitamini A, yale yanayomfanya ashindwe kuona jua linapotua.

Basi kila upande ulikuwa na haki katika jambo moja, na mimi mwamuzi nikakosa katika yote mawili, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limeulizwa vibaya. Kuuliza kama karanga ni bora kuliko maji ya mboga ni kama kuuliza kama jembe ni bora kuliko mtungi. Mwenye busara atataka kujua kwanza kazi iliyopo na vifaa ambavyo mtu anavyo tayari nyumbani.

Nirudi sasa kwa maji mekundu yaliyomdanganya binti yetu. Katika miji yetu, Kitui, Wote na hata vituo vidogo vya barabarani, imani kwamba bitiruti huongeza damu imeenea mno. Chanzo chake naona ni macho: kitu ni chekundu, damu ni nyekundu, basi kimoja kitaleta kingine. Lakini rangi ile haina uhusiano wowote na damu ya mtu. Kinachotengeneza damu ni madini ya chuma, pamoja na protini, foleti na vitamini nyinginezo. Gramu 100 za bitiruti zina miligramu 0.8 tu za chuma. Gramu 100 za karanga kavu zina kiasi cha miligramu 4.6. Binti wa umri wa kidato huhitaji miligramu 15 kwa siku, kwa kuwa kila mwezi hupoteza damu. Kwa haki, bitiruti ina foleti ya kutosha, wala si mmea wa kudharauliwa. Lakini anayeinunua kwa tamaa ya chuma amekwenda kuteka maji kwenye kisima kifupi.

Msomaji makini ataniambia, "Basi, mwalimu, umekwisha kusema. Karanga imeshinda." La, haijashinda. Hapa ndipo penye fundisho ambalo laiti ningelijua siku ile ya mdahalo, nisingelitoa hukumu niliyoitoa.

Chuma kilichomo katika karanga, kama kile cha mbaazi, kunde na mahindi, hakiingii mwilini kwa urahisi. Mbegu hizi zina kitu kiitwacho fiteti, ambacho hukishika chuma na kukizuia, kikapita tumboni na kutoka bila faida. Mwenye kukifungua kifungo hicho ni vitamini C. Chuma cha mbegu kikikutana tumboni na vitamini C katika mlo ule ule, mwili hukipokea kwa wingi zaidi. Na vitamini C inapatikana wapi? Katika mboga mbichi au zilizopikwa kwa muda mfupi, katika nyanya, maembe, machungwa na mapapai. Kwa maneno mengine, chuma cha karanga hungoja ufunguo, na ufunguo huo umo mikononi mwa yule tuliyemwita hasimu wake.

Na kinyume chake ni kweli. Ile rangi ya manjano ya karoti, ambayo imo pia katika majani ya kijani kibichi ingawa hatuioni, hugeuzwa mwilini kuwa vitamini A. Lakini haiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Mtu akinywa maji ya karoti matupu, tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa ya utajiri ule humpita tu. Wataalamu wa lishe husema kwamba gramu 3 hadi 5 za mafuta katika mlo zinatosha kuusaidia mwili kuipokea. Gramu hizo zimo katika kijiko kimoja tu cha karanga zilizosagwa! Basi mboga nayo humngoja karanga amfungulie mlango.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mdahalo wetu tulikuwa tumevishika vidole viwili, tukavishindanisha, badala ya kuvikutanisha.

Nigusie pia jambo la kukamua. Mashine ya kukamua hutoa maji na kuyaacha makapi. Katika makapi yale mna nyuzinyuzi zinazolainisha choo, zinazomfanya mtu ajisikie ameshiba, na zinazozuia sukari isiingie katika damu kwa kishindo. Mteja hulipia mboga nzima, akanywa sehemu yake, na nyingine ikatupwa jaani au ikapewa mbuzi. Nisieleweke vibaya. Mgonjwa asiyeweza kutafuna, au mzee aliyepoteza meno, hufaidika sana na maji ya mboga. Na ni kweli kwamba kusaga hupasua chembe za mboga, ile rangi ya manjano ikatoka kwa urahisi. Lakini kijana mwenye meno 28 au 32 yaliyo timamu ana mashine yake mwenyewe kinywani, isiyotumia umeme wala kudai malipo.

Lililonishangaza zaidi nilipoanza kuyachunguza mambo haya ni kwamba Ukambani haukuhitaji kuyasubiri kutoka mbali. Tazama kunde. Mvua zikinyesha, akina mama huchuma majani machanga na kuyapika mboga. Mvua zikikatika, mmea ule ule hutoa punje zenye protini zaidi ya gramu 23 katika kila gramu 100. Ni mmea mmoja, na mlo wake una pande mbili. Sijapata kumsikia mkulima wa Mwingi au wa Kathonzweni akiuliza kama jani la kunde ni bora kuliko punje yake. Angemwona anayeuliza kuwa hana kazi ya kufanya. Na karanga yenyewe, ijapokuwa tunaiweka kundi moja na korosho, kwa ukoo ni ndugu wa kunde, mbaazi na ndengu. Tofauti yake kubwa ni mafuta: punje ya kunde ina mafuta kidogo sana, karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta.

Tazama tena mbuyu. Kwetu Makueni, ukishuka kuelekea Kibwezi na Mtito Andei, na kule kusini mwa Kitui upande wa Mutomo, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. Unga mweupe uliomo ndani ya buyu, ambao hukorogwa katika maji ukawa kinywaji, una vitamini C mara kadhaa kuliko ile ya chungwa la uzito ule ule. Mbegu zilizomo ndani ya unga huo zina mafuta na protini. Majani yake machanga huliwa kama mboga. Watoto wetu huyaona mabuyu hayo yakipakiwa magunia kwa magunia kwenda Mombasa, yakarudi yametiwa rangi na sukari, nao wakayanunua! Ama kweli tumekuwa kama mtu anayelala njaa juu ya ghala lake.

Katika suala la matunda kuna hatua iliyopigwa. Kiwanda cha Kalamba, kilichofunguliwa mwaka 2017 huko Makueni, husindika maembe ambayo zamani yalikuwa yakioza chini ya miti au kununuliwa na madalali kwa bei ya kutupa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kiwanda hakiwezi kuingia katika sufuria ya nyumbani kikatupangia mlo. Kazi hiyo ni yetu.

Kabla sijafika kwenye nasaha, nina onyo ambalo mtu wa Kitui na Makueni hawezi kulinyamazia anapoisifu karanga. Mwaka 2004 maradhi ya sumu ya kuvu, iitwayo aflatoksini, yaliwapata watu 317 nchini mwetu na kuwaua 125. Wengi wao walikuwa wa wilaya hizi mbili, Makueni na Kitui. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 1981 vilevile watu walikuwa wamekufa Machakos kwa sumu hiyo hiyo. Wengi wetu tunazijua nyumba zilizofiwa.

Basi ifahamike kwamba kuvu wa mahindi ndiye kuvu wa karanga. Sumu yenyewe iligunduliwa kwa sababu ya karanga: mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Kukaanga hupunguza sumu hii lakini hakuimalizi. Kwa hiyo karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au yenye uchungu ulimini isiliwe, wala isisagwe ikachanganywa na nzima ili isionekane. Nazi mbovu harabu ya nzima. Tena si kila karanga yenye sumu huonekana kwa macho, ndiyo maana sheria ya nchi huweka kiwango cha mikrogramu 10 kwa kilo moja ya chakula, kipimo kinachohitaji maabara. Mkulima hana maabara, lakini ana njia za kujikinga: avune kwa wakati, aanike juu ya turubai wala si juu ya udongo, akaushe barabara kabla ya kutia guniani, na aweke magunia juu ya mbao mahali penye hewa.

Kuna onyo jingine kwa wenye watoto wadogo. Karanga nzima isipewe mtoto wa chini ya miaka 5, kwani huweza kumkaba koo. Asagiwe. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji karanga wala maji ya mboga. Maziwa ya mama yanamtosha. Aidha, wapo watu wachache ambao miili yao haivumilii karanga hata kidogo, na kwao kula kwa kujaribu ni hatari ya maisha.

Najua kuna watakaosema kwamba haya yote ni maneno ya mtu aliyeshiba. Wataniuliza, "Mwalimu, wakati wa ukame utapata wapi karanga, na utapata wapi mboga?" Swali hili nalichukua kwa uzito wake, kwa kuwa nimelelewa katika nyumba ambamo isyo iliyopikwa kwa mahindi na mbaazi ilikuwa chakula cha jioni siku baada ya siku, na siku nyingine hata hiyo ikakosekana. Jibu langu ni kwamba maskini ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kujua hesabu hii. Tajiri akinunua gilasi ya maji mekundu na kukosea, nyumbani atakuta nyama na mayai ya kulifidia kosa lake. Mtoto wa maskini akikosea kwa zile shilingi chache alizo nazo, hana pa kulifidia. Kwa pesa alizotoa binti yule kwa gilasi moja, angeweza kupata kifurushi cha karanga na embe au nyanya mbili, na kuzichanganya na isyo ya nyumbani.

Na kuhusu ukame, mboga za kunde hukaushwa na kuhifadhiwa, na wapo akina mama wanaoijua kazi hiyo tangu zamani. Nawaomba tu waianike kivulini, penye upepo, wala si juani, kwa sababu jua kali huiua ile rangi inayoleta vitamini A. Vivyo hivyo, mwenye kuchemsha mboga kwa maji mengi kisha akayamwaga, amemwaga vitamini C pamoja nayo. Apike kwa maji machache, kwa muda mfupi, na mwisho atie kijiko cha karanga zilizotwangwa. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania hupika mboga na karanga tangu enzi za mababu, bila kumsubiri mtaalamu awaelezee habari za mafuta na vitamini. Hakuna aibu kujifunza kwa jirani.

Sasa nawaelekea walimu wenzangu. Zamani tulikuwa na somo la Sayansi Kimu, na leo shule za msingi zina somo la Kilimo na Lishe. Jina limebadilika, lakini naona mtindo wetu wa kufundisha haujabadilika sana. Tunawafunza watoto vyakula kwa makundi: hiki hujenga mwili, hiki hutia nguvu, hiki hukinga maradhi. Mtoto hukariri, hufaulu mtihani, kisha huenda mjini kununua maji ya rangi. Hatumfunzi namna makundi hayo yanavyosaidiana ndani ya sahani moja. Naomba kila mwalimu wa somo hilo katika Kitui na Makueni awape wanafunzi kazi moja: waandike walichokula jana, kisha waonyeshe kila kirutubisho kilimngoja nani, na kama huyo aliyengojwa alikuja.

Nawaelekea pia wakuu wa shule na kamati za wazazi. Mpango wa mlo shuleni, ulioanzishwa nchini mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, ukafuatwa na mpango wa vyakula vya nyumbani mwaka 2009, ulikabidhiwa serikali kikamilifu mwaka 2018. Sahani yake tunaijua: mahindi, jamii ya maharagwe, mafuta kidogo na chumvi. Yale mafuta hayakuwekwa kwa ajili ya ladha pekee. Panapopatikana kiwanja cha shule cha kulima mchicha au kunde kwa maji yanayotumika kunawia mikono, na pakapatikana nyanya au embe kando ya sahani, chakula kile kile huanza kutoa chuma ambacho jana kilikuwa kikipotea. Na chai, wapendwa, inywewe mbali na mlo, kwa sababu nayo hukizuia chuma. Najua ninalisema hili katika nchi inayoipenda chai, lakini ukweli hausemwi kwa kuchagua wasikilizaji.

Ninyi wanafunzi nawaachia neno fupi. Msiamini chakula kwa sababu ya rangi yake, wala kwa sababu muuzaji ana kipaza sauti, wala kwa sababu mwalimu amekipa ushindi ukumbini. Ulizeni kina nini, kiasi gani, na kinahitaji nini ili kifae. Na anayejisikia kizunguzungu, uchovu usiokwisha au moyo kwenda mbio, aende hospitalini apimwe, kwa kuwa upungufu wa damu huletwa pia na malaria na minyoo, na hayo hayaponyi kwa karanga wala kwa karoti.

Binti yetu alipewa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo, na mamake akaitwa akaelezwa namna ya kumwandalia chakula. Muhula uliofuata nilimwona akiwa amekaa chini ya mti na rafiki zake, mbele yake bakuli la isyo, nyanya iliyokatwa vipande, na karanga chache zilizofungwa katika karatasi ya daftari. Alinitambua, akainua ile karatasi juu kidogo kama anayenipungia.

Siku hiyo niliondoka bila kusema kitu. Lakini hukumu niliyoitoa ukumbini bado imeandikwa katika kumbukumbu za chama cha mdahalo cha shule ile, chini ya jina langu. Ikiwa katibu wa chama hicho anaisoma makala hii, namwomba afungue kitabu, aifute, na mahali pake aandike: pande zote mbili zirudi mezani, zikae sahani moja.